Simu ya Jumanne na Lori la Bagamoyo

Nilipoachika, nilirudi Bagamoyo nyumbani kwa baba yangu na sanduku moja, mtoto mmoja, na cheti cha kupiga taipu. Mtaa mzima ulilitazama sanduku na mtoto. Cheti hakuna aliyekiulizia, na ndicho kilichonilisha miaka yote iliyofuata.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati kila mtu kazini aliitwa ndugu, hata yule usiyependa kumwona. Nilipata ukarani katika tawi la kampuni iliyonunua nazi na mbata, yaani nazi zilizokaushwa, huku kwetu pwani, na kuuza mafuta na sabuni mikoa ya bara. Ofisi ilikuwa nyumba ya zamani ya mawe ambayo kuta zake zilitoka jasho kila masika. Tulikuwa watu wanne: mkuu wa tawi, mimi, mtu wa mizani na dereva wa lori. Lori lenyewe ningelihesabu la tano, maana lilifanya kazi kutushinda sote. Lilikwenda Mapinga, likaingia ndani mpaka Fukayosi, likarudi limejaa nazi na watu juu yake.

Mkuu wa tawi nilimwita mzee, ingawa mvi zake zilikuwa za kuhesabika. Alitoka katika ukoo wa mjini kabisa, kofia yake haikukaa upande hata siku moja, na adabu zake zilikuwa nyingi kiasi kwamba hata ukimletea habari kuwa jiko linaungua, lazima kwanza mjuliane hali. Mimi hasira zangu ziko karibu sana. Yeye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Baba alisema tumepatana vizuri kazini kwa sababu mmoja wetu ana breki.

Kila Jumanne saa nne asubuhi kulikuwa na simu ya pamoja. Opereta wa Dar es Salaam, dada mwenye sauti tamu na subira fupi, aliyaunganisha matawi yote katika laini moja ili wakuu wa matawi waseme na mkubwa wao wa Dar. Simu yetu ilikuwa ile ya kuzungusha mkono pembeni. Mzee alishika simu ya kusemea, na mimi nilipewa kisikizio cha pili kilichofungwa kwa waya nyuma ya sanduku lake, nisikilize na kuandika yaliyosemwa. Kwa kisikizio kile unasikia kila kitu ila huwezi kusema hata neno. Kumfanyia hivyo mwanamke kama mimi ilikuwa ni kunionea tu.

Kwa kusikiliza Jumanne baada ya Jumanne, niliwajua watu ambao sijawahi kuwaona sura. Sitaki kusema kwamba watu wote wa mikoa yao wako hivyo. Nasema wale wa kwenye laini yetu, ambao kila mmoja tulimwita kwa jina la tawi lake.

Sisi wa pwani tulikuwa wawili, Bagamoyo na Pangani, na sisi tulikuwa balaa. Mzee wangu alianza na salamu ya dini, Pangani akaitikia kwa ukamilifu wake, kisha wakaulizana habari za asubuhi, za nyumbani, za wazee, za mvua, za yule bibi aliyekuwa akiumwa mgongo. Pangani alikuwa mkubwa kwa miaka miwili, hivyo mzee alimpa shikamoo yake na kungoja marahaba, na marahaba ya Pangani ilikuwa ndefu, ya kuvuta. Opereta aliingia kati, maana simu za mbali zililipiwa kwa kila dakika tatu: "Dakika tatu, mnaendelea?" Tulikuwa bado hatujafika kwenye nazi hata moja.

Tabora alikuwa kinyume chake. Ukimuuliza jambo, ananyamaza. Analifikiri. Wenzake walidhani simu imekatika, wakaanza kupiga kelele, "Haloo! Haloo, Tabora!" Naye alipokuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo, kelele zile zilimrudisha alikotoka, akaanza kufikiri upya. Yapo mambo ya Tabora ambayo mpaka leo hatujapata majibu yake.

Na Moshi. Moshi alikuwa hasemi haloo. Anasema, "Moshi," kama mtu anayejibu mahudhurio darasani, halafu moja kwa moja, "Mafuta yamefika pungufu. Leteni mengine." Akimaliza amemaliza. Siku za mwanzo nilimchukia kabisa. Hakuwa akitusalimu, na aliwahi kulalamika kwamba Bagamoyo kuna kelele za vikombe kwenye simu. Zilikuwa za muuza kahawa wetu, aliyekuwa akipita chini ya dirisha akigonganisha vikombe vyake kwa ufundi ambao mji mzima uliupenda. Nilimwona Moshi kama mtu asiyelelewa. Mzee alisema tu kila mtu na kwao.

Basi Jumanne moja ya masika, Moshi akasema hivi: "Moshi. Lori letu limekufa injini. Sabuni imejaa ghalani, maduka ya milimani hayana kitu. Bagamoyo wana lori ambalo Ijumaa na Jumamosi linasimama. Lihamie kwetu."

Nilihisi damu ikipanda. Bila samahani, bila nawaombeni. Mkubwa wa Dar akauliza, "Bagamoyo, mnasemaje?"

Mzee wangu akakohoa kidogo. "Tumemsikia ndugu yetu wa Moshi," alisema. "Tunampa pole kwa matatizo yaliyomkuta. Jambo hili ni zito. Tutalitazama."

Mtu yeyote aliyekulia kati ya Bagamoyo na Pangani angejua kwamba hapo amekataliwa. Kwetu humkatalii mtu hadharani ukamwaibisha mbele ya wote wanaosikia. Unamwambia jambo ni zito, naye anaelewa, anakuja nyumbani jioni, mnakaa, mnazungumza, na mkiachana kila mtu na heshima yake. Pangani alielewa palepale, maana nilimsikia akiguna guno dogo la huruma. Lakini mkubwa wa Dar alisema, "Vizuri. Bagamoyo hawana pingamizi. Lori liondoke Jumatano ya wiki ijayo. Tuendelee na sabuni."

Nilipiga mguu wa meza teke mpaka wino ukaruka. Mzee aliweka simu mahali pake taratibu na kujifuta uso.

"Mzee, wamelichukua lori!"

"Hawajalichukua. Watakuja kuzungumza."

"Nani atakuja?"

"Moshi atapiga simu. Mtu hawezi kuchukua lori la mwenzake kwa neno moja la barazani, mwanangu. Lazima atapiga."

Tulingoja. Jumatano simu ililia, nikairukia, kumbe ni Pangani. "Amekupigia?" alimuuliza mzee baada ya salamu zao zote. "Bado." "Atapiga, inshallah," alisema Pangani, na wote wawili walikuwa wanaamini hivyo kwa dhati. Alhamisi hakupiga. Ijumaa mzee alichelewa kwenda msikitini akingoja simu ilie. Nilimwonea huruma na nilitaka kumtikisa mabega, vyote kwa pamoja.

Dereva alirudi kutoka Fukayosi akiwa na ujumbe wa wakulima: waangue nazi au waziache juu? Maana wamesikia lori linakwenda. Nazi zikishaanguliwa na lori halipo, zitakaa pale mpaka walanguzi wa Chalinze waje kuzichukua kwa bei wanayotaka wao. Mtu wa mizani alikwenda kuifuta mizani yake ingawa ilikuwa safi. Sote tulijua habari ya tawi moja la kusini ambalo lilipokonywa lori, na haukupita muda mrefu likafungwa lenyewe. Tawi bila lori ni chumba chenye mizani tu. Niliogopa, na sioni haya kusema. Nilikuwa na mtoto wa kusomesha, na mji wetu haukuwa na ofisi ya pili iliyokuwa ikimsubiri mwanamke mwenye cheti cha taipu.

Jumatatu asubuhi breki zilinishinda.

"Mzee, huyu mtu hapigi. Kwake usipokataa umekubali. Kesho mwambie hapana, mbele ya wote. Neno moja tu."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

Alinitazama kama vile nimemuuliza kwa nini havui kofia msikitini. "Mwanangu, mimi sijui hata kama yule bwana ana watoto. Nitamkataliaje mtu nisiyejua hali yake?"

Nilicheka kwa hasira. Lori linakwenda, yeye anawaza watoto wa Moshi. Kumbe mwenzangu alikuwa ameshakata shauri.

"Niunganishie Moshi," alisema.

"Kumwambia hapana?"

"Kumjulia hali."

Nilizungusha ule mkono wa simu kwa kishindo mpaka opereta wa Dar akaniuliza kama kuna mtu amekufa. Moshi alipopatikana nilikichukua kisikizio changu, ingawa siku hiyo hakukuwa na cha kuandika. Mazoea; hata penseli nilikuwa nayo mkononi.

"Moshi."

"Assalaam alaykum, ndugu yangu. Ni Bagamoyo hapa."

"Ndiyo. Kuna nini?"

"Hakuna neno. Nimekupigia kukujulia hali. Habari za huko?"

Kimya. Nilidhani Tabora kaingia kwenye laini.

"Nzuri," alisema Moshi hatimaye. "Lori limeshaondoka?"

"Lori lipo. Nyumbani wazima? Mama watoto hajambo? Watoto je?"

Kisha Moshi akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwenye simu za Jumanne, ya chini, iliyochoka. "Mtoto ana surua. Tumemlaza hospitali tangu Jumamosi. Hali kitu."

Mzee aliketi wima. "Wa ngapi huyo?"

"Wa mwisho. Wa kike."

"Maji anakunywa?"

"Kidogo. Mama yake yuko naye."

"Na wewe uko kazini."

"Niko kazini. Nifanye nini? Nikikaa kule nazunguka tu."

"Mungu atamfanyia wepesi," alisema mzee. "Leo magharibi tutamwombea dua hapa. Nyumbani kwangu wamepita wanne katika surua, ndugu yangu, na wote leo wananishinda urefu. Mgonjwa akianza kutaka uji, ujue kageuka."

"Asante, mzee," alisema Moshi. Ilikuwa asante ya kwanza kuisikia kutoka Moshi tangu nianze kazi, na lile neno mzee alilisema vizuri kabisa, kama sisi.

Opereta akaingia. "Dakika tatu, mnaendelea?"

"Tunaendelea," alisema mzee, naye Moshi alisema hivyohivyo, kwa pamoja.

Moyo wangu ulikuwa chini. Nilijisemea, sasa ndiyo basi, tumekwisha. Kama alishindwa kumkatalia mtu mzima mwenye afya, atamkataliaje baba wa mgonjwa? Nilianza kufikiria ni nani Dar angeweza kuniajiri.

"Sasa, ndugu yangu," mzee alisema kwa upole uleule, "lile lori silitoi."

Penseli ilinianguka.

"Masika haya wakulima wangu hawana njia nyingine ya kutoa nazi," aliendelea. "Ijumaa na Jumamosi linasimama kwa matengenezo, maana barabara zetu wewe hujaziona. Likiondoka, tawi limekufa. Ndiyo hali yangu na mimi, nimekupa."

"Sawa," alisema Moshi.

"Sawa?"

"Sawa. Kama mnalihitaji, mnalihitaji. Mbona hukusema Jumanne ile?"

"Tulikuwa mbele za watu."

"Na ndiyo maana mimi nilisema mbele za watu," alijibu Moshi, na alishangaa kweli, haikuwa kebehi. "Ili mwenye hoja aitoe. Nilikaa nikangoja hoja yako. Nikaona huna."

Kila mmoja, nadhani, alikuwa anatazama ukuta wa ofisi yake na kujiuliza yule mwenzake alilelewa na nani. Mimi niliyekuwa katikati na kisikizio changu nilitamani wanipe mdomo japo nusu dakika. Mtu niliyemwita asiyelelewa alikuwa wiki nzima ametungoja sisi kwa heshima zote za kwao, kama sisi tulivyomngoja yeye.

"Lakini mkubwa ameshaamua," alisema Moshi. "Kesho useme mwenyewe. Mimi siwezi kukusemea wewe upo. Ukinyamaza, Jumatano naweka mtu wa kulipokea."

Jumanne mzee alikuja ofisini amevaa kanzu, na haikuwa Ijumaa. Alimwomba muuza kahawa apite mtaa wa pili. Dereva alijifanya ana kazi ya kufunga nati fulani karibu kabisa na dirisha letu. Saa nne simu ikalia, na opereta akaanza kuyaita matawi.

Pangani alitoa salamu moja tu, fupi, akanyamaza. Pangani! Alijua lililokuwapo, akaacha nafasi. Nilimpenda yule bwana kwa hilo kuliko kwa marahaba zake zote.

"Jambo la kwanza," alisema mkubwa wa Dar, "lori la Bagamoyo linaondoka kesho. Jambo la pili..."

"Hapana," alisema mzee.

Hakulisema kwa nguvu. Jasho lilikuwa limeloanisha ukingo wa kofia. Nilitaka kulia, kwa sababu niliona linavyomgharimu neno ambalo mimi nalisema mara kumi kabla ya chai.

Laini ilikufa ganzi.

"Haloo?" alisema mkubwa wa Dar. "Opereta, simu imekatika? Haloo, Bagamoyo? Pangani, mnasikia huko? Tabora, wewe unasikia?"

Na Tabora, wallahi, Tabora alijibu saa ileile, bila kufikiri hata kidogo: "Nasikia vizuri. Bagamoyo kasema hapana."

"Ni kweli, Bagamoyo?"

Akalazimika kulirudia. "Ni kweli. Hapana. Lori halitoki." Na kwa kuwa lilikuwa limeshatoka mara mbili, la tatu halikumpa tabu. Akaeleza masika, akaeleza wakulima, akaeleza matengenezo ya Ijumaa, kwa maneno machache yaliyonyooka, hata mimi niliyekuwa nayaandika nilimaliza pamoja naye.

"Lakini wiki iliyopita hamkuwa na pingamizi."

"Tulikuwa nalo."

Mkubwa wa Dar akashusha pumzi. "Moshi?"

"Moshi. Bagamoyo wana haki. Nitakodi gari la hapahapa mpaka injini ipone."

"Kwa hiyo nyote mlijua isipokuwa mimi?"

Kisha mkubwa akasema lori libaki, tuendelee na jambo la pili. Lakini tangu siku hiyo alikuwa na mtindo mpya. Kila alipopitisha jambo alirudi kwetu: "Bagamoyo, mmekubali, au mnalitazama?" Na mzee alimwambia lililo kweli. Wakati mwingine alisema, "Tunalitazama," mkubwa akacheka, akasema basi atapiga jioni. Alipiga kweli, na siku moja jioni alianza kwa shikamoo, nikaona mzee anasimama ili aiitikie.

Hayo yalikuja baadaye. Siku ile, simu ilipowekwa chini, dereva aliwasha lori hapo dirishani, honi ikalia bila sababu yoyote, na yule mtu wa mizani aliyezoea kunyamaza akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti iliyofika barabarani. Nazi za Fukayosi zitaanguliwa. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Nilimwambia mzee nimletee kahawa, vitumbua, chochote anachotaka.

Alikuwa ameketi ameshika kofia yake mkononi, akiikausha kwa leso.

"Niunganishie Moshi," alisema.

"Tena? Mzee, tumeshashinda!"

"Nimemkatalia mtu mbele za watu. Siwezi kula chakula cha mchana hivihivi. Niunganishie."

Nilizungusha, safari hii polepole. Opereta alilalamika kwamba ndiyo kwanza ametutenganisha, lakini akatuunganisha. Nilikichukua kisikizio changu. Mzee alivaa kofia, akaiweka sawa, akavuta pumzi kubwa ya kuanzia salamu.

Moshi akamtangulia.

"Moshi," alisema. "Mtoto ametaka uji. Asubuhi hii, bakuli zima. Mama yake kapata usingizi. Sema."

Mzee alifungua mdomo, na mara moja tu katika miaka yote niliyofanya naye kazi, hakuwa na salamu.

"Sina la kusema, ndugu yangu," alisema hatimaye, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Nilipiga kuuliza hilo."